Watoto Wajichagulie Kazi: Mwongozo wa Kuanzisha Darasa la Miaka 3 hadi 6 Katika Nyumba ya Lamu

Mtu akiambiwa kuna darasa ambalo mtoto wa miaka minne ndiye anayeamua afanye nini asubuhi nzima, la kwanza linalomjia ni fujo: vitu vimetapakaa, mmoja analia, mwingine amepanda dirishani. Fujo hiyo hutokea kweli pale watoto wanapoachiliwa kabla chumba hakijatayarishwa. Uhuru wa mtoto hutengenezwa na mtu mzima mapema, kwa mpangilio wa chumba, kwa uchache wa vitu, kwa muda usiokatizwa, na kwa kujifunza kunyamaza. Hapa tunaeleza namna ya kuyafanya hayo kwa watoto 12 na watu wazima wawili, kwa vifaa ambavyo vingi utavipata sokoni na kwa mafundi wa mbao.

Njia yenyewe si ngeni. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, na mengi tutakayoyasema kuhusu vifaa na muda wa kazi yanatoka kwake. Pwani yetu nayo ina historia yake: mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa miaka ya 1980, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulionyesha kwamba mtoto anaweza kujifunza kwa kucheza na kuchagua huku akilelewa katika dini yake, kwa vifaa vya hapa hapa. Basi mzazi akikuuliza kama mambo haya yanagongana na chuo cha Kurani, mjibu kwa utulivu kwamba hayagongani.

Chumba kwanza

Nyumba ya mawe ya Lamu ina tabia yake. Upana wa vyumba umewekwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vyumba vingi havizidi mita 3 kwa upana, ilhali urefu wake ni mkubwa. Mtoto akiona njia ndefu iliyonyooka hukimbia, na ukimkemea unamwonea, maana njia yenyewe imemwita. Dawa ni kuzivunja njia hizo. Weka rafu zikate chumba, moja ikianzia ukuta wa kushoto na kuacha uwazi wa sentimita 80 upande wa kulia, inayofuata ianzie kulia. Mtoto atalazimika kupinda, na akipinda hupunguza mwendo. Humohumo umepata vijumba vidogo ambamo watoto wawili watatu wanaweza kufanya kazi bila kupitiwa juu.

Gawa nyumba kwa kazi zake. Kiwanda, yaani ua wa ndani, ni mahali pa maji, udongo na kutwanga. Msana, yaani chumba kirefu kinachofungukia ua, uwe wa mikeka na kazi za mikono. Chumba cha ndani, chenye mwanga kidogo na kelele kidogo, kipe herufi na vitabu. Zidaka za ukutani zinavutia sana kwa kuweka vifaa, lakini tumia zile tu ambazo mtoto anazifikia akiwa amesimama chini. Kilicho juu ya sentimita 90 kitamfanya apande, kwa hiyo zidaka za juu ziachwe tupu au zibaki na vitu vya mwalimu visivyotamanika.

Rafu ziwe na urefu wa sentimita 75 kwenda juu, mita 1 kwa upana, kina cha sentimita 30, na mbao tatu tu za kuwekea. Usizipigilie misumari ukutani ukitegemea itashika. Lipu ya zamani hubomoka na msumari hutoka na kipande cha ukuta. Mwambie fundi apanue miguu ya chini, kisha ulaze jiwe zito kwenye ubao wa chini kabisa.

Ukimaliza kupanga, piga magoti mlangoni mpaka macho yako yawe kimo cha mtoto, kisha tazama. Yale unayoyaona ukiwa umepiga magoti ndilo darasa lake. Mara nyingi utagundua kwamba ulipamba kuta kwa ajili yako mwenyewe.

Mkeka mmoja, kazi moja

Agiza kwa wasukaji mikeka 14 midogo, sentimita 60 kwa 90, ya rangi tulivu bila maua mengi, maana mkeka wenye nakshi nyingi huficha vitu vidogo vilivyowekwa juu yake. Watoto ni 12. Miwili ni ya akiba wakati mingine inafuliwa. Mkeka ndio mpaka wa kazi ya mtoto. Aliyetandika mkeka ana haki ya kazi iliyo juu yake, na hakuna anayeukanyaga, mwalimu akiwemo.

Somo la kwanza kabisa la darasa hili ni kukunja mkeka. Lionyeshe polepole. Keti nyuma ya ukingo mfupi, weka vidole vinne juu na gumba chini, kunja sentimita chache, simama, sawazisha ncha mbili kwa viganja, kunja tena. Mtoto asiposawazisha, mkeka hutoka kama pia ya kuchezea, upande mmoja mnene na mwingine umechomoza, na haukai kwenye pipa lake. Usiseme kitu. Mkeka umeshamwambia. Wengi huukunjua wenyewe na kuanza upya, na hapo mtoto amejifunza jambo zito: kwamba kazi yenyewe inaweza kumwonyesha kosa bila mtu mzima kumtahini.

Vitu vichache, vilivyo kamili

Kosa la kawaida kuliko yote ni kujaza rafu siku ya kwanza. Anza na kazi nane tu, kila moja kwenye sinia ndogo au kikapu, ikiwa na kila kinachohitajika ndani yake. Sinia ya kumimina bila kitambaa haijakamilika, kwa sababu mtoto akimwaga atakuja kukuomba, na wewe utakuwa umegeuka mtumishi wa kazi yake. Kila kazi iwe moja tu. Ukiweka majagi seti nne ili wasigombane, umewanyima nafasi ya kungoja.

Nane za mwanzo zinaweza kuwa hizi: kumimina maharagwe, kuhamisha maharagwe kwa kijiko, kufungua na kufunga vifuniko vya makopo sita ya ukubwa tofauti, kupanga simbi (kauri) kwa ukubwa, kufunga vifungo, kukunja leso, kutwanga kwa kinu kidogo na mchi wake, na kufua kitambaa. Uteo wa kupepetea na kifumbu cha kukamulia tui vije wiki ya tatu. Mbuzi ya kukunia nazi isubiri mtoto afike miaka mitano, na hata hapo mtu mzima aketi karibu. Lakini kukamua tui kwa kifumbu, nazi nusu iliyokwisha kukunwa na mililita 250 za maji ya vuguvugu, mtoto wa miaka minne anaiweza na anaipenda mno.

Tuichukue kazi ya kumimina, kwani ndiyo inayoharibika zaidi. Tafuta majagi mawili madogo yanayofanana, ya mililita 300 hivi, yenye mdomo mzuri. Yajaribu wewe kwanza: mimina mara ishirini. Jagi linalochuruza chini ya mdomo litamshinda mtoto kila siku, naye atadhani mikono yake ndiyo mibaya. Jaza nusu ya jagi moja, usipitishe. Mpangilio ni maharagwe, kisha choroko, kisha mchele, kisha mchanga uliochekechwa, mwisho maji. Maharagwe ni makubwa, yanaokoteka. Mchele unapita kwenye nafasi ndogo na unahitaji utulivu wa kifundo cha mkono. Maji hayaokoteki kabisa. Ukianza na maji kwa sababu ndiyo yanayopendeza, utapata mafuriko na utaishia kuiondoa kazi. Maji yakifika zamu yake, chora mstari kwenye jagi kwa rangi isiyotoka, ongeza sifongo, na uipeleke kazi kiwandani.

Vifungo navyo vina hila. Vifungo vya kanzu ya mtoto ni vidogo mno kwa kuanzia. Shonea kwenye vipande viwili vya kitambaa kigumu vifungo vitano vya sentimita 2.5, na matundu yawe makubwa kidogo kuliko kawaida. Baada ya mwezi, vya sentimita 1.5. Hapo ndipo kanzu.

Vijiti vya namba

Kifaa hiki mwagize fundi wa mbao, naye unaweza kumwomba atumie mabaki. Unahitaji vijiti kumi vyenye unene wa sentimita 2.5 kwa 2.5. Cha kwanza kina sentimita 10, cha pili 20, hivyo hivyo mpaka cha kumi chenye mita 1. Jumla ni mita 5.5, nunua mita 6 kwa sababu ya msumeno na vipande vyenye mafundo. Kila kijiti kinapakwa rangi kila sentimita 10, nyekundu kisha samawati, vyote vikianza na nyekundu. Utapata sehemu 30 nyekundu na 25 za samawati, kwa hiyo rangi nyekundu iwe nyingi kidogo.

Vipimo hapa havina mchezo. Mtoto atapanga vijiti kama ngazi, halafu siku moja ataweka cha 1 mwisho wa cha 9 na kuona kwamba vimelingana na cha 10. Kisha cha 2 na 8, cha 3 na 7, cha 4 na 6. Cha 5 kinabaki peke yake, na mtoto hukipindua mara mbili kando ya kumi ili akione kuwa ni nusu yake. Kijiti cha 7 kikiwa na sentimita 68 badala ya 70, ugunduzi huo umekufa, na mtoto hawezi kujua kama kosa ni lake au la ubao. Simama kwa fundi na futi mkononi. Pima kila kimoja kabla hakijapakwa rangi.

Majina ya namba yafundishwe kwa hatua tatu, ambazo zinafaa pia kwa majina ya kitu chochote. Weka vijiti vitatu. Hatua ya kwanza unataja tu: “Hii ni moja. Hii ni mbili. Hii ni tatu.” Hatua ya pili unaomba: “Nipe mbili. Weka tatu pale. Nionyeshe moja.” Hii iwe ndefu kuliko zote, iwe kama mchezo, mtoto ainuke, abebe, ahamishe. Hatua ya tatu unaonyesha na kuuliza: “Hii ni nini?” Mtoto akikosea hatua ya pili, usimsahihishe na usiendelee kwenye ya tatu. Funga somo kwa upole, rudi siku nyingine. Walimu wengi huruka hatua ya pili, wanataja kisha wanauliza, na hapo ndipo mtoto anapojifunza kuogopa kuulizwa.

Herufi, na lugha ya nyumbani

Kiswahili kimewapa watoto wetu zawadi ambayo ni rahisi kuipoteza: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Basi fundisha sauti ya herufi, usifundishe jina lake la Kiingereza. Kata herufi za msasa laini zenye kimo cha sentimita 8 hadi 10, zigandishe kwenye kadibodi ngumu, irabu zikiwa kwenye kadi za samawati na konsonanti kwenye kadi nyekundu. Watu hujaribu kutumia gundi na mchanga. Huvutia wiki mbili kisha mchanga hupukutika. Mtoto apapase kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa mwelekeo ule ule atakaoutumia akiandika.

Usifuate a, b, ch. Anza na a, m, t, k, i. Kwa hizo tano peke yake mtoto anaweza kujenga mama, kata, kiti, taka. Baada ya hapo ongeza mbili kwa wakati. Sh, ny, ng' na dh zije baadaye, kila moja kwenye kadi yake kama sauti moja. M inayosimama peke yake inahitaji masikio: mpigie makofi neno mkate, na utasikia makofi matatu, m-ka-te. Mtoto anayezoea kupiga makofi hatasahau kuiandika.

Seti za herufi za kujengea maneno zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa lugha nyingine, na zitakuishia irabu mapema. Tengeneza zako kwa kadi: a 15, irabu nyingine 10 kila moja, konsonanti 5 kila moja. Maneno yetu huishia na irabu, ndiyo sababu.

Kisha kuna Kiamu, Kiswahili cha Lamu. Mtoto wa hapa atajenga ndia, yuu, tini, mato, na atakuwa amesikia sauti zake barabara kabisa. Ukimwambia amekosea, umemwambia kwamba mamake na nyanyake wanakosea. Acha neno likae. Wewe katika kumjibu sema njia, juu, chini, macho, kwa sauti ya kawaida, na akiuliza mwambie kwamba sisi nyumbani twasema hivi na vitabuni huandikwa hivi. Watoto wa miaka mitano hulielewa jambo hilo bila taabu. Anayesoma chuo pia atachanganya mwelekeo, kwa kuwa Kiarabu huanzia kulia, mara aanze kulia mara kushoto. Weka nukta ya kijani upande wa kuanzia kwenye karatasi yake na umwache.

Mwezi wa kwanza

Usifungue na watoto 12. Anza na sita, wiki mbili, kisha ongeza wawili kila wiki; ukifika wiki ya tano wote wamo, na wale wa mwanzo ndio wanaofundisha wageni. Changanya umri kwa makusudi. Darasa la watoto wa miaka mitatu watupu litakumaliza nguvu, kwa kuwa hakuna wa kuigwa.

Wiki ya kwanza watoto hawachagui sana, nasi hatutegemei wachague. Onyesha kukunja mkeka, kubeba sinia kwa mikono miwili, kuinua kiti bila kukiburura, kufunga mlango bila kishindo. Somo dakika tatu, mtoto mmoja au wawili. Kwenye kuonyesha usiseme na kutenda kwa pamoja: mtoto hawezi kuutazama mkono na mdomo kwa wakati mmoja. Tenda kimya, kisha sema maneno mawili. Kitu kisichokwisha kuonyeshwa hakichaguliwi bado. Kanuni ni tatu: usimuumize mtu, usiharibu kitu, ukimaliza rudisha mahali pake.

Asubuhi ndefu

Muda ndio kifaa cha ghali kuliko vyote, na kinachoibwa kila siku. Wape saa mbili na nusu mfululizo, kutoka saa 2:00 hadi saa 4:30 asubuhi, bila kengele, bila kukusanywa kuimba, bila mgeni anayeletwa kusalimiwa. Vitafunio viwe mezani kwa watu wawili: ndizi, kisu butu, sahani. Mwenye njaa anakwenda, anakata, anakula, anaosha sahani.

Karibu saa 3:15 kitatokea kitu kinachowatisha walimu wapya. Chumba kilichokuwa kimetulia kitaanza kuchemka. Mmoja anatembea bila kazi, wawili wanacheka ovyo, sinia imewekwa chini na kuachwa. Montessori alikiona hiki na kukiita uchovu wa uongo. Mwalimu hudhani watoto wamechoka, hupiga makofi, huwakusanya, na asubuhi huishia pale. Ukivumilia dakika kumi au kumi na tano, ukitembea polepole, ukimgusa bega aliyepotea na kumuuliza kwa sauti ya chini “Sasa utafanya nini?”, kelele hushuka yenyewe. Kinachofuata ndicho kizuri kuliko chote: watoto huchukua kazi ngumu zaidi ya asubuhi nzima na kuifanya kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Anayekata muda saa 3:15 kila siku hataiona saa hiyo hata mara moja, na atasema kwa haki yake kwamba njia hii haifanyi kazi.

Miezi ya joto la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, anza nusu saa mapema. Ramadhani sogeza saa kwa ajili ya watu wazima, na wiki ya Maulidi funga tu.

Kazi ya mwalimu ni daftari

Wakati watoto wanafanya kazi, mmoja wenu anaketi kwenye kiti kifupi pembeni na kuandika. Dakika kumi kwa mtoto mmoja, watoto watatu kwa siku, kwa hiyo kila mtoto hupata zamu ndani ya siku nne. Andika unachokiona, usiandike unachokidhania. “Ana uvivu” haikusaidii kitu. Hii inasaidia: “2:20 alichukua choroko. Akamimina mara 14. 2:41 zikamwagika, akaokota moja moja, akaacha tano chini ya rafu, akaziona, akarudi.” Ukisoma mistari hiyo unajua kwamba kesho ni wakati wa kumwonyesha mchele.

Sifa nazo zipimwe. Mtoto aliyeinama juu ya kazi akisikia “Hongera, mwanangu!” huinua kichwa, hutabasamu, na kazi imekatika. Akifanya mara kumi, atakuwa anafanya ili akutazame. Ngoja amalize, na akikuonyesha, mwambie ulichokiona: “Umevipanga vyote kumi.”

Ugomvi utakuwepo. Wawili wakishika sinia moja, shuka kwa magoti katikati yao, weka mkono juu ya sinia isiondoke, na umwombe kila mmoja aseme anachotaka. Rudia maneno yao kama walivyoyasema. Kisha uliza: “Tufanye nini?” na unyamaze mpaka wajibu, hata ukiona kimya kimekuwa kirefu. Anayepiga mwenzake hushikwa mkono akakaa nawe dakika chache. Kumnyima kazi kama adhabu kunamfundisha kwamba kazi ni peremende.

Watoto wakikupeleka bandarini

Baada ya miezi miwili mitatu maswali yao yataanza kushikana. Chukulia watoto wanabishana kwa nini mashua iliyobeba mawe haizami. Usijibu. Andika swali lao ukutani kwa maneno yao, na kesho weka kiwandani beseni lenye maji ya kina cha sentimita 10, vifuu vitatu, kipande cha karara ya mnazi, na simbi 40. Wataanza kupakia. Mmoja atahesabu simbi mpaka kifuu kizame, mwingine atagundua kwamba karara hubeba zaidi lakini hupinduka ukiweka upande mmoja. Waombe wachore. Siku ya tatu au ya nne, wapeleke kwa waunda vyombo kule Matondoni au pale mjini panapofanyiwa matengenezo, nao waulize fundi wenyewe. Majina ya sehemu za chombo yafundishwe kwa zile hatua tatu: tanga, foromali, usukani leo, omo, shetri, mkuku wiki ijayo. Swali likipoa, liache lipoe. Mradi unaoburutwa na mwalimu baada ya watoto kuuacha ni somo la kawaida lililovaa nguo nyingine.

Kwenda ufukweni nenda maji yakipwa, ukijua kwamba saa ya kupwa husogea mbele dakika 50 hivi kila siku na kwamba siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, maji hurudi kwa kasi. Mtu mzima mmoja kwa watoto watatu, na mwisho wao ni magoti ya mtoto. Vichochoroni punda ana haki ya njia: wafundishe kusimama na kubana ukuta, mkono wa mtoto ukiwa upande wa ukuta.

Nyumbani kinachoua kimyakimya ni birika la msalani, yaani hodhi la maji. Liwe na kifuniko kizito kisichoinuliwa na mtoto, na beseni la kiwandani limwagwe kila siku baada ya kazi. Mtoto mdogo huzama katika maji ya sentimita tano. Ngazi za darini ziwe na geti. Akiwemo mtoto anayetia vitu mdomoni, kila kilicho chini ya sentimita 4 kiondoke kwenye rafu, hata kama ni simbi nzuri.

Wazazi na ofisi

Mama atauliza mbona daftari la mtoto ni jeupe. Ana haki. Usimjibu kwa hotuba. Mkaribishe aketi kitini pembeni dakika 20, asiseme na mtoto, atazame mikono tu. Kisha mwonyeshe kurasa mbili za daftari lako kuhusu mwanawe. Mwombe jambo moja la nyumbani: dakika kumi za ziada asubuhi ili mtoto ajifunge vifungo mwenyewe. Na bibi wa mtoto aambiwe pia, kwa heshima zake, maana mara nyingi yeye ndiye anayemlisha na kumvisha, na bila idhini yake hakuna kitakachobadilika.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliiweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti. Kundi likigeuka shule, nenda ofisi ya elimu ya kaunti kabla hujaandika jina mlangoni. Mtoto anayekwenda madarasa ya awali, PP1 au PP2, kwingine, au Gredi ya 1, aandaliwe wiki chache: kukaa mezani, kusubiri zamu ya kujibu, kuandika kwenye mstari. Ni mambo anayoyaweza haraka, kwa sababu mkono wake umeshatulia.

Hewa ya chumvi haina huruma na vifaa. Kila Alhamisi mchana pitisha mkono juu ya kila kitu. Vijiti vilivyovimba vikaushwe kivulini, visianikwe juani vikapinda. Kadi za msasa zilizobanduka zigandishwe upya usiku huo huo. Choroko zilizoingia wadudu zitupwe. Kazi ambayo daftari linaonyesha haijaguswa kwa wiki mbili itoe kwenye rafu, iweke kabatini mwezi mzima, halafu irudishe kimya kimya mahali pengine.